Kumngojesha Aliyekushinda

 

Somo hili lilisomwa katika darsa yetu hapa Kisumu, na ndugu zetu wa pwani waliopata khabari zake wakatutaka tuliandike. Twajua ya kuwa wako watakaosoma kichwa chake na kusema: Je, hawa wa Kisumu wamekwisha maliza mas-ala yote ya dini hata wakaingia katika michezo ya simu? Sisi hatukuiendea michezo ya simu, ila yenyewe ilitujia darsani, tena siku tuliyokuwa tukisoma jambo jingine kabisa.

Tulikuwa katika Suratul Baqara, katika aya za talaka. Kabla ya kuanza, kijana mmoja wa darsa yetu aliwasimulia wenziwe kisa, nao wakacheka. Kijana huyu hucheza sataranji kwa simu, ile wanayoiita wenyewe chesi, akicheza na watu asiowajua wa nchi mbalimbali. Usiku mmoja, baada ya Magharibi, alikutanishwa na mtu ambaye hakumjua ila kwa jina la kubuni na bendera ya Indonesia. Kila mmoja alikuwa na dakika kumi za kuchezea mchezo wote. Kijana wetu akaingia kwa pupa, akapoteza malkia wake mapema, na asiyeyajua mambo ya sataranji na afahamu kuwa hiyo ni khasara isiyolipika. Saa yake ilikuwa ingali na dakika tisa. Hakucheza tena wala hakukubali kushindwa. Aliilaza simu juu ya kitanda, akaenda kutia udhu, akakaa na jamaa zake, na aliporudi dakika zilikuwa zimekwisha na mchezo umehesabiwa kwa yule mwenziwe. "Alinishinda," akasema, "lakini nilimtoa jasho. Alingoja pale kama mwenye kungoja feri."

Saa zetu za Kisumu zilipokuwa moja na nusu za usiku, kule Jakarta ilikuwa saa tano na nusu. Huenda mtu yule alikuwa na kazi ya alfajiri, au huenda alikuwa amebakisha mchezo mmoja kabla ya kulala. Wala hakuweza kuondoka, kwani angaliondoka angalihesabiwa yeye ndiye aliyeukimbia mchezo ikiwa kijana wetu angalirudi na kucheza. Alifungwa pale kwa kamba isiyoonekana, na aliyemfunga alikuwa hana faida yoyote ya kupata ila kule kumfunga.

Mwalimu wetu hakucheka. Alimwuliza kijana: Kwa nini ulifanya hivyo? Naye alijibu jawabu ambalo twakiri kuwa halikuwa la kipumbavu. Alisema: Dakika zile tisa zilikuwa zangu. Sharti la mchezo lilinipa kumi, nami nilizitumia nipendavyo. Sikuvunja kanuni, sikumtukana mtu, wala hapakuwa na fedha baina yetu. Basi dhulma i wapi?

Wengine katika sisi tulidhani ya kuwa amekwisha jiokoa. Kwani ni kweli, aliyepewa muda kwa sharti muda ule ni wake. Mwalimu akasema tu: Haya, fungueni tulipoishia. Na tulipoishia palikuwa kwenye aya ya 229.

Aya hiyo ndiyo iliyoweka ya kuwa talaka ya rejea ni mara mbili, kisha ni kukaa kwa wema au kuachana kwa ihsani. Imam Tirmidhi amepokea kutoka kwa Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, khabari ya jinsi mambo yalivyokuwa kabla yake. Mume alikuwa akiweza kumwacha mkewe na kumrejea mara azitakazo, muda wa kuwa eda haijesha. Ndipo mtu mmoja alipomwambia mkewe ya kuwa hatamwacha akawa huru naye, wala hatamweka akawa mke. Mwanamke akauliza: Itakuwaje hayo? Akamwambia: Nitakuacha, na kila eda yako ikikaribia kwisha nitakurejea. Mwanamke akaenda kushitaki kwa Bibi Aisha, na khabari ikafika kwa Mtume (s.a.w.), naye akanyamaza mpaka aya ikateremka. Kisha katika aya ya 231 wakakatazwa waume kuwazuia wake kwa ajili ya kuwadhuru, na mwenye kufanya hivyo akaambiwa kuwa ameidhulumu nafsi yake mwenyewe, na wakaonywa wasizifanyie mzaha aya za Mwenyezi Mungu.

Mwalimu akamgeukia kijana. Mtu yule, akamwuliza, alivunja kanuni gani? Kijana akafikiri, akasema: Hakuvunja. Na ni kweli hakuvunja. Kurejea ndani ya eda ilikuwa haki yake, na siku zile za eda alikuwa nazo mkononi kama wewe ulivyokuwa na dakika zako. Ila siku hizo zilikuwa zimewekwa ili mtu apate kujutia hasira yake na kuirudia nyumba yake, naye akazifanya gereza la mwanamke. Haki ikitolewa kwa kusudi, kisha mtu akaitumia kwa kinyume cha kusudi lile, hali hana analolitaka ila madhara ya mwenziwe, basi haki imekwisha kuwa dhulma hata kama jina lake lingali ni haki. Dakika kumi za sataranji hupewa mtu ili afikiri. Hakupewa ili azilaze kitandani.

Tangu hapo hatukuweza tena kukiona kisa kile kuwa ni mchezo.

Wako miongoni mwetu walioanza kutazamana. Kwani tunamjua mwanamke wa mji huu ambaye shauri lake na mumewe limeahirishwa mara nyingi hata jamaa zake wameacha kuhesabu. Mume anajua ya kuwa hana hoja, na amekwisha sema hivyo kwa rafiki zake. Lakini mara ni mgonjwa, mara yuko safarini Kampala, mara karatasi zimesahauliwa nyumbani. Hataki ushindi, maana ushindi haupo. Anataka mwanamke yule asipate kusema ya kuwa amekwisha kuwa huru. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 129, amekataza mwanamke aachwe kama kitu kilichotundikwa, si wa ardhini wala si wa juu, na aya hiyo yasemwa juu ya mwenye wake wengi, lakini hali ya kutundikwa ni hiyo hiyo.

Na tusiende mbali mpaka mahakamani. Twende ufukoni Dunga asubuhi, wanawake wanaponunua samaki kwa wavuvi na kuwauzia wenye mikahawa wa mjini. Mwenye mkahawa huchukua ngege na mbuta wa siku tatu, na fedha anazo, tena ziko ndani ya simu ile ile mfukoni mwake ambayo kwayo angeweza kulipa kabla mama yule hajashusha beseni kichwani. Lakini humwambia: Njoo kesho. Kesho humwambia: Njoo Jumatatu. Mtume (s.a.w.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, ameihesabu kuwa ni dhulma tendo la mwenye uwezo kumzungusha mdai wake. Hakusema ni uvivu wala ukosefu wa adabu. Na tazameni ya kuwa deni mwisho wake hulipwa kamili, bila ya kupungua hata senti, na juu ya hayo limeitwa dhulma. Basi kilichodhulumiwa ni kitu gani ikiwa fedha imelipwa yote? Ni wakati wa yule mdai, na miguu yake, na moyo wake uliokuwa ukingoja.

Tabia hizi, katika rai yetu, zina shina moja. Mtu amekwisha jua ya kuwa jambo limemtoka, na nafsi yake haikubali kulitamka. Basi huukamata wakati wa mwenziwe kama mateka. Ajifunzaye kufanya hivyo kwa dakika tisa akiwa na miaka kumi na minane, sisi hatujui atayafanya wapi akiwa na miaka arobaini, na mke, na duka.

Hila hii si ngeni duniani. Wazungu walikutana London mwaka 1851 kwa mashindano makubwa ya sataranji, na wakati ule hapakuwa na saa, kila mchezaji akifikiri atakavyo. Bwana mmoja, Elijah Williams, alijulikana kwa kukaa mno kabla ya kusogeza, na mshindani wake Howard Staunton, aliyeshindwa naye, alinung'unika juu yake kwa maandishi (na maneno ya aliyeshindwa juu ya aliyemshinda yafaa kupokewa kwa hadhari). Mwaka 1861 zikatumika chupa za mchanga, na mwaka 1883, tena huko London, saa za mashine. Lakini saa ile iliyotengenezwa ili kumzuia mwenye kuchelewesha, leo ndiyo iliyokuwa silaha yake! Kadhalika katika mpira. Kila aliyekwenda uwanjani hapa Kisumu ameona kipa wa timu iliyotangulia bao moja akianguka bila ya kuguswa, na kuukumbatia mpira kama mtoto aliyetaka kuibiwa. Huyo walau yuko mbele kwa bao, na ana faida anayoitafuta. Tangu Julai mwaka 2025 kanuni za mpira zinasema kipa akiushika mpira zaidi ya sekunde nane, wapinzani wapewe kona. Na wenye mitandao ya sataranji nao, kama Lichess ulioanzishwa mwaka 2010, na Chess.com, humwonya mwenye kuacha saa yake iishe kwa makusudi, na akirudia humfungia asicheze kwa muda. Kwa hivyo hata ile hoja ya kijana ya kuwa hakuvunja kanuni, alipokwenda kuzisoma kanuni zenyewe aliiona imeanguka. Lakini hatutaki jambo hili lisimame juu ya kanuni za mtandao, kwani ingalikuwa hazipo, hukumu isingalibadilika.

Hapa yafaa tuseme jambo ambalo ndugu mmoja alitukumbusha kwa insafu. Si kila mwenye kukawia ni dhalimu. Aliyebaki na askari mmoja na mfalme wake, akakaa akitafuta njia ya kutoka sare, huyo anacheza, na ni haki yake kucheza mpaka mwisho. Hakuna sharia iliyomlazimisha mtu kukubali kushindwa kabla ya kushindwa. Na sisi wa Kisumu twajua vema ya kuwa stima hukatika, na bando huisha, na mvua ya ziwani ikishuka alasiri mtandao hulegea. Mtu akikupotea katikati ya mchezo, usikimbilie kumdhania ubaya, kwani dhana nyingine ni dhambi. Ila na yeye aliyeizima simu yake kwa mkono wake, kisha akaandika ya kuwa stima imekatika, ameongeza uongo juu ya dhulma. Na anayemtumia mshindi maneno ya matusi baada ya mchezo, huyo na aitazame Hadithi ya Abdallah bin Amr, iliyomo katika Sahihi mbili, juu ya alama nne za unafiki. Ya nne katika hizo ni mtu kupita mipaka anapogombana.

Kijana aliuliza: Na nafsi nitaifanyaje? Maana wakati ule moyo huwaka moto. Hili ndilo swali tulilolipenda kuliko yote, na jawabu lake tulilipata kwa ngamia.

Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aitwaye Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akitanguliwa katika mashindano. Anas bin Malik amesimulia, na Bukhari amepokea, ya kuwa bedui mmoja alikuja na ngamia wake kijana akamtangulia. Jambo hilo likawa zito kwa Waislamu. Tazameni, hao ni masahaba, na walisononeka kwa sababu ya mbio za ngamia! Kwa hivyo kusononeka si dhambi, ni maumbile. Mtume akawafundisha ya kuwa Mwenyezi Mungu amejiwekea ya kwamba hakinyanyuki kitu cha dunia hii ila atakishusha. Wala hatukusoma popote ya kuwa bedui yule alizuiwa, au aliambiwa arudie mbio, au ngamia wake alitiliwa shaka. Na katika Sunan ya Abu Daud imo khabari ya Mtume kushindana mbio na Bibi Aisha, akashindwa naye, kisha siku nyingine, alipokuwa Bibi Aisha amenenepa, akamshinda yeye, akamwambia kwa mzaha ya kuwa hii ni kwa ile. Kiumbe bora kuliko wote alitanguliwa na mkewe mchanga, na akangoja siku yake kwa furaha.

Sasa tuseme kidogo juu ya mahali. Wazee wetu wa pwani huicheza bao barazani, na hapa ziwani Wajaluo wana ajua yao yenye safu mbili za mashimo, na katika michezo yote miwili hatukumwona mtu akifanya alilolifanya kijana wetu. Si kwa kuwa wazee wale ni malaika. Mtu akizishika kete mkononi na kuangalia mawingu, hali kila mtu ameona ya kuwa amekwisha, watazamaji humwambia hapo hapo: Tia kete, bwana, jua linakuchwa! Naye huona haya. Ni haya ya watu inayomwongoza, na haya ni jambo jema, lakini katika simu haimo. Mpinzani hana uso, watazamaji hawapo, jina ni la kubuni. Kilichobaki ni wale waandishi wawili waliotajwa katika Surat Qaf, kuliani na kushotoni, ambao kwao jina la kubuni si kitu. Tulikuwa tukidhani simu ni mahali pa kuchezea tu. Kumbe ni mahali ambapo mtu hujulikana kama anamwogopa Mungu au alikuwa akiwaogopa wazee wa baraza.

Twajua tutaulizwa juu ya sataranji yenyewe, basi tulimalize hilo kwa ufupi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli inayotegemewa ni kuwa ni makuruhu, ikiwa haina kamari na haimpotezi mtu na Sala yake. Ikiwa na kamari ni haramu bila ya khitilafu, na hapo ndipo ilipo michezo mingi ya simu ya leo yenye kutiliwa fedha. Maimamu wengine wameikaza zaidi, na mwaka 2016 Mufti wa Saudia, Sheikh Abdulaziz Aal Sheikh, alisikika akiikataza, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni kupoteza wakati. Hatumwiti kijana yeyote aje kuicheza. Lakini mwenye kudhani ya kuwa jambo likiwa makuruhu basi hakuna haki za watu ndani yake, amekosea. Aliyekaa na mwenziwe katika pumbao bado ana deni lake la wema kwake.

Likabaki suala la toba. Haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake, bali kwa kuirudisha au kuombwa msamaha mwenyewe. Dakika tisa hazirudishwi. Mwalimu akasema: Kama unaweza kumfikia, mwombe radhi, na kama huwezi, mwombee dua, na uazimie usirudie. Kijana alifungua simu yake pale pale mbele yetu, na kumbe mchezo ule ulikuwa umehifadhiwa, na jina la yule mtu lipo, na mahali pa kumwandikia papo. Akamwandikia kwa Kiingereza maneno machache, ya kuwa usiku ule alimwacha akingoja kwa makusudi, na kuwa anamwomba amsamehe. Kisha tukaendelea na darsa, tukafika aya ya 232.

Hayo yalikuwa kabla ya Ramadhani. Tulipokuwa tukiandika somo hili tulimwuliza kijana khabari za ujumbe wake. Akatuonyesha: umo, na haujajibiwa.